Njiani Nilisema Mume Wangu Amekufa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kama mwandiko umekaa upande, viganja vimekufa ganzi kwa kushika usukani wa baiskeli. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mume wangu alikuwa fundi baiskeli mpaka akapooza upande mmoja, na tangu hapo ni mimi ninayemgeuza, ninayemwogesha, ninayemlisha, halafu nakaa kwenye cherehani, halafu naanza tena, watoto wako mbali na kila mmoja ana shughuli zake, mpaka siku moja nikamwaga uji kitandani nikakaa sakafuni nikashindwa kuinuka, naye akaniangalia akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Mama watoto, chukua baiskeli yangu uende kaskazini, ukapumue." Nilidhani anatania, kumbe alishamwita dada yake aje kukaa naye, na akanifundisha kuziba pancha akiwa amelala, mkono wake mmoja mzima ukielekeza, yangu miwili ikifanya.

Basi nikaondoka peke yangu. Huku kaskazini vijiji vimeachana mbali, upepo unakuja usoni kutwa nzima, ukimaliza kilima kimoja kingine kimekaa kinakungoja, nimeisukuma baiskeli kuliko nilivyoiendesha na magoti yamevimba. Kwenye njia panda moja mama muuza chai alinitazama nilivyojaa vumbi akauliza, "Mwanamke mzima, peke yako na baiskeli, kwani umefiwa?" Nami, mshauri, sijui nini kilinipata, nikajibu, "Ndiyo, nimefiwa na mume." Akanivua viatu kwa mikono yake, akanipa chumba cha nyuma, nikalala usingizi ambao sijaulala tangu mume wangu aanguke, na kibaya zaidi niliamka mwepesi. Mpaka leo sijaondoka hapa. Yeye mwenyewe ni mjane, akikoroga chai yake asubuhi ananisimulia alivyomzika mumewe, analia, nami naitikia kama mtu anayejua. Sasa wifi amepiga simu, "Kaka ana homa, rudi, baiskeli si ya mtu wa umri wako." Naona ni mdomo wangu uliomwitia homa. Mbele siwezi, kurudi sitaki, kukaa hapa naona aibu. Mimi ni mke wa namna gani?

Aliyechoka

*

Dada yangu, homa haingoji gazeti. Majibu haya nilikusomea kwa simu siku uliponitumia picha ya barua yako, na sasa nayachapa kwa ajili ya wengine waliochoka kama wewe.

Kwanza, homa haimpati mtu kwa sababu mkewe alidanganya njia panda. Kama uongo ungekuwa unaua hivyo, mtaa wangu usingebaki na mtu. Umechoka, basi. Aliyechoka kiasi hicho huota ametuliwa mzigo, hata mzigo anaoupenda, na kuamka mwepesi si dhambi.

Lakini kwa huyo mama wa chai umekosea, na hapo sikubembelezi. Yeye anakupa msiba wa kweli, wewe unamrudishia wa kubuni. Kabla hujanywa kikombe kingine, mwambie mume yu hai, anaumwa, na wewe ulichoka ukadanganya. Akikufukuza, chukua baiskeli yako uende bila kujitetea.

Pili, watoto. "Kila mmoja ana shughuli zake" ni maneno yako, hata wao sijawasikia wakiyasema. Umewazoesha. Wapigie, waje kwa zamu, na anayesema hawezi akueleze kwa sauti yake mwenyewe kwa nini. Wifi naye kazi ameshaijua, asiiache siku utakapoingia mlangoni. Ukirudi kwenye maisha yale yale, safari ijayo utapelekwa umebebwa.

Tatu, katika barua nzima namsikia wifi akisema rudi, mume simsikii. Mwambie wifi aweke simu sikioni mwa kaka yake. Usimmalizie maneno, ngoja amalize mwenyewe. Kama homa haijashuka, funga baiskeli juu ya basi leo hii. Kama imeshuka, fanya mtakalokubaliana ninyi wawili, si watatu.

Jana dada huyu alinitumia ujumbe, na ameniruhusu niuweke hapa:

"Nimemwambia yule mama. Aliweka birika chini, nami nikaanza kufunga mizigo. Halafu akasema mume wake naye alilala kitandani muda mrefu kabla ya kufa, na kuna siku yeye mwenyewe alisimama nje ya mlango akitamani yaishe, na hajawahi kumwambia mtu yeyote. Tukakaa tu pale, hakuna aliyelia. Homa ya baba watoto imeshuka, anasema nisiharakishe, lakini nimemkumbuka. Binti yetu mkubwa amefika nyumbani, leo yeye ndiye aliyemwogesha. Mimi niko kwenye basi."