Usukani Upi Umfae Baba Endah?

Mpendwa mshauri Bu Kusrini, naomba msaada wako kabla sijarukwa na akili, na tafadhali usinicheke kwamba nakuandikia habari za usukani wa baiskeli, maana hapo ndipo maisha yangu yalipokwama.

Mume wangu Pak Sarwoko, ambaye mimi humwita Baba Endah kwa jina la binti yetu, ana baiskeli ya Kiholanzi aliyorithi kwa marehemu baba yake, na baiskeli ile ndiyo mke mkubwa, mimi ni mdogo, maana kila mwezi wa Suro, mwezi wetu wa kufungua mwaka, wenzake wakiosha majambia ya mababu yeye huosha baiskeli kwa maji ya maua, na kila Jumapili alikuwa anavaa kilemba chake cha batiki anaondoka na wazee wenzake wa baiskeli za kale, kengele zinalia mpaka mwisho wa kijiji. Kabla ya mfungo kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukafa, mguu anauburuta, maneno yanatoka moja moja, na tangu atoke hospitali anakaa kibarazani anaitazama baiskeli mpaka uji unapoa.

Usukani wake ni mpana, mzito, breki zake ni za vyuma vitupu, hata mtu mzima wa afya hutoka jasho kukata nao kona, kwa hiyo nikasema nimbadilishie. Endah akatuma kutoka Surabaya usukani ulionyooka, mwepesi, kama wa vijana wanaopanda milima, fundi Mas Giyono akaufunga, nikamwuliza, "Baba Endah, umeupenda?" Akasema, "Ndiyo. Mzuri." Hakuugusa. Mas Giyono akaniambia, "Mama, mzee hawezi kuinama. Mpe huu ulioinuka kama pembe za nyati, atakaa wima kama bwana harusi." Tukafunga pembe. "Na huu je?" "Ndiyo. Mzuri." Akageukia ukutani. Juzi wazee wa Jumapili wakaja kumjulia hali, wakaziona zile pembe juu ya baiskeli ya marehemu, wakaanza kusifu chai yangu, kisha mmoja, Pak Wiryo, akacheka, "Kumbe na baiskeli huota pembe uzeeni!" Baba Endah akacheka nao, na walipoondoka akalia, Bu, mwanamume ambaye sikumwona akilia hata siku ya kumzika mama yake.

Daktari aliniambia pembeni kwamba hataendesha tena. Mimi sikumwambia, nilimwambia Suro ikifika atapanda, na Suro ndiyo hiyo inabisha hodi. Sasa nimrudishie wa zamani asioweza kukata nao kona, au niache pembe zinazomwaibisha, au ule ulionyooka, au niiuze baiskeli yote asiione tena? Hali chakula, halali usingizi, na mimi naona giza tu. Nichagulie wewe, mimi nimeshindwa.

Mama Endah, Bantul

*

Mama Endah, pole. Pole sana, na uipokee vizuri, kwa sababu nikishamaliza pole nitakugombeza.

Wewe ni mzaliwa wa Bantul, au umeshuka jana na treni? Tangu lini mtu wa kwetu akaulizwa "umeupenda?" na mke aliyehangaika, fundi kasimama pale na spana mkononi, akajibu hapana? Mgeni wako ukimwuliza kama ana njaa husema ameshiba, mpaka umbembeleze mara tatu. Ndiyo ya kwanza kwetu ni adabu tu. Wewe umeichukua adabu ya mumeo ukaikazia nati. Mara mbili!

Pak Wiryo msamehe. Alikosa la kusema, na watu wetu wakikosa la kusema hucheka.

Linalofuata litakuuma. Mumeo anajua. Mkono ni wake, hahitaji daktari amweleze habari zake. Kila ukileta usukani mpya unamwambia kwamba bado unamsubiri yule wa zamani, naye anaona haya kukukatisha tamaa, anasema mzuri. Mmekaa humo ndani mnafichana jambo mnalolijua wote wawili, ndiyo maana uji unapoa. Hakuna usukani utakaompandisha tena kwenye kiti kile. Natamani ningekuwa na jibu lingine, sina.

Sasa sikiliza. Baiskeli usiuze. Rudisha usukani wa marehemu, na breki zake za vyuma, na kengele. Si wa kuendeshea. Ule ni mpana, ni mzito, hautikisiki ovyo, na mtu anayeburuta mguu anataka kitu cha namna hiyo cha kushika. Mwulize anayemfanyisha mazoezi kama mguu utamudu. Akikubali, Baba Endah asimame upande wa kulia wa baiskeli, mkono wake mzima kwenye kishikio, wewe shika upande wa pili, muikokote pamoja hadi getini. Siku nyingine hadi kwa jirani. Suro ikifika iosheni wote wawili, mkono mmoja wake na miwili yako.

Lakini kabla fundi hajaitwa, kaa na mumeo peke yenu, Endah asiwe hata kwenye simu. Mwambie alichosema daktari. Mtalia, lieni. Kisha mwulize kuhusu usukani, na akisema, "Ndiyo, mzuri," usinyanyuke. Mwulize tena. Mwulize mara ya tatu. Siku atakapokutazama usoni akakwambia "hapana", hata kama anaukataa ushauri wangu huu wote, mshukuru Mungu, nenda kampashie uji. Hapo ndipo utakuwa umempata mumeo.