Tofauti ya Bei Ni Nauli Yako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho kimekuacha. Hujaniambia kama umepata koti la maana kwa baridi ya huko. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Shemeji yetu naye hajambo. Wazima tumeishia hapo.

Hali ya Dada imebadilika. Daktari wake wa neva alituambia juzi Ijumaa kwamba ugonjwa haukai tena mikononi peke yake, umeingia kwenye ulimi. Nilimwomba aseme bila kuzunguka, naye hakuzunguka: sauti huenda isifike katikati ya mwaka ujao, na vidole vitatangulia. Macho, alisema, kwa kawaida ndiyo yanayobaki mpaka mwisho. Dada alikuwa amekaa hapo hapo anasikia. Alimuuliza daktari kama pilipili bado inaruhusiwa.

Sasa nije kwenye kompyuta, maana uliandika ukitaka jibu moja tu: ile mpya inastahili hiyo nyongeza ya bei, au haistahili. Unajua kwamba ya kwake ya zamani ilizimika na haikuwaka tena. Unajua pia kwamba kazi ya kusikiliza mikutano ya mawakili na kuipiga chapa ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi.

Tulikwenda dukani, mimi na shemeji. Fundi aliziweka zote mbili mezani, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Ni kama mapacha. Kioo kilekile, uzito uleule, kibodi laini ileile ambayo vidole vya Dada bado vinaweza kuibonyeza. Chaji ya ile mpya inakaa zaidi, lakini Dada haendi mbali na soketi. Kasi imeongezeka, ila fundi mwenyewe alikiri kwamba mtu anayeandika maneno tu hataiona. Tofauti ya maana ni moja: ile mpya ina kamera inayofuata macho. Unatazama herufi, inaandikwa. Ukimaliza sentensi, kompyuta inaisema kwa sauti. Nilijaribu, nikaandika jina la mtaa wetu bila kugusa kitu. Shemeji akaandika “chai”. Tulitoka pale tumeshaamua.

Nilipokupigia simu ukasema utaitoa hiyo tofauti kwa kuahirisha safari yako ya mwezi ujao, nami nikaitikia. Wanaume watatu tulikubaliana vizuri sana, bila kumuuliza mwenye macho.

Jana fundi aliileta ile mpya nyumbani ili Dada aijaribu. Hapo ukumbuke Dada ni nani. Kabla ya mawakili alifundisha watu kupiga chapa, na wanafunzi wake wa kwanza tulikuwa mimi na wewe, mezani pale jikoni, mikono imefunikwa kwa kitambaa cha sahani. Sheria yake ilikuwa moja: mpiga chapa hatazami mikono wala kile anachokiandika, anaelekea kule maneno yanakotoka. Aliyechungulia alionja rula. Sasa maneno ya Dada yanatoka masikioni, kwa hiyo akiandika hutazama dirishani.

Fundi akamwekea mto mgongoni, akamwambia aandike chochote. Kishale kikarukia pembeni ya kioo kikaganda. Dada anatazama dirisha.

“Tazama herufi, mama,” fundi akasema.

Akaitazama moja, ikaandikwa. Kwenye ya pili macho yakarudi dirishani yenyewe. Tukafunga pazia, akatazama pazia.

“Chungulia kidogo tu, mke wangu,” shemeji akambembeleza.

Dada akajibu kwa ule ulimi ambao umekuwa mzito, neno kwa neno. “Nimewachapa watu rula maisha yangu yote kwa kuchungulia. Leo nichungulie mimi?”

Fundi alicheka, kisha akaacha.

Ni mtu mkweli yule fundi. Alisema Dada atazoea, lakini kwa miezi, na kwa mazoezi ya kila siku. Mashine haina kosa. Ila miezi hiyo ndiyo hiyohiyo aliyobakiza ya kusema kwa mdomo.

Dada akauliza fedha zinatoka wapi. Shemeji akainamia viatu vyake, ikabidi niseme mimi.

“Mchagua jembe si mkulima,” akasema. “Nileteeni ya mwaka jana. Na huyo Kitinda aje. Nina mambo ya kumkaripia, na kukaripia kwa macho sijui.”

Nilimwambia sauti ikikatika tutajuta.

“Mtajuta ninyi. Mimi nitakuwa nimeshasema.”

Nisikufiche upande wa pili. Sauti ikiisha tutabaki na ubao wa herufi wa hospitali: wewe unagusa herufi moja moja, yeye anapepesa macho ukifika penyewe. Ni kazi ya kuchosha, na yapo mambo atakayotaka kutuambia yatakayopotea njiani. Hiyo nayo ni bei, na tutailipa. Leo asubuhi nimemkuta shemeji jikoni na ubao huo, anakariri safu ya kwanza huku maji yanachemka na kukauka.

Jibu langu ni hili. Kwa mgonjwa mwingine, ile mpya inastahili bei yake yote. Kwa Dada, haistahili wewe kutokuja.

Shemeji anakusalimu. Mama mdogo anakusalimu, na anauliza kama bado una mazoea ya kula umesimama. Dada anakusalimu pia, na anasema ujumbe wako wa mwisho haukuwa na nukta hata moja. Nisalimie mkeo na yule mchekeshaji wenu mdogo. Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu ukiwa salama.

Fundi anatushikia ile ya mwaka jana mpaka Jumatano. Nitakwenda kuilipia siku hiyo saa nne asubuhi, nikitoka kazini kule gazetini. Kabla ya hapo nitumie tarehe ya ndege. Dada ameagiza nisimpelekee neno “mwezi ujao”, anataka siku.

Akupendaye siku zote,
Kaka yako.