Namba ya Jared

Nyumba za Buxton,
S.L.P. 90417,
Mombasa.

23 Juni 1998

Mpendwa ndugu yangu Kenneth,

Salamu nyingi kutoka hapa kisiwani, zikukute mzima, na joto la huko Abu Dhabi lisiwe limekuzidi nguvu. Wasemaje? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na je, unakula, au unawapikia wageni wa hoteli kutwa nzima kisha wewe unalala na chai kavu? Mama, shangazi yako, amekataa nianze jambo lolote kabla ya kukuuliza hayo. Amekaa hapa pembeni anasikiliza kalamu inavyokwenda, kwa hiyo nimeuliza.

Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Mama mwenyewe yuko imara, sukari imetulia, ila macho ndiyo hayo. Mchana anaona kivuli cha mtu mlangoni asijue ni nani mpaka mtu huyo akohoe. Mume wangu Ronny ni mzima wa mwili, lakini tangu Kombe la Dunia lianze akili yake iko Ufaransa, na ukimwomba akupitishie chumvi anakupitishia kijiko.

Sasa, ndugu yangu, simu imefika! Musyoka, mwenzako wa kazi, aliileta mwenyewe mpaka mlangoni pamoja na zile tende, akakataa hata kuketi. Asante. Naandika asante na naona neno lenyewe halitoshi, kwa hiyo nivumilie nikueleze ilichotufanyia, maana wewe unadhani ulituma simu tu.

Unaikumbuka ile simu kuukuu ya Baba, ya rangi ya maziwa, yenye vibonyezo vya pembeni vya kukumbuka namba? Mtu unabonyeza kimoja tu na simu inapiga yenyewe. Kibonyezo cha kwanza kilikuwa cha mdogo wangu Jared. Unajua alivyoondoka kwa hasira, yeye na Baba hawasemezani kwa sababu ya kazi ya bandarini aliyoiacha, akapotea muda mrefu hata tukaogopa kulitaja jina lake mezani. Siku aliyopiga simu kutoka Kitale, Baba ndiye aliyepokea. Walichosemezana hatukijui. Tulimwona tu Baba amekaa na ile simu, miwani puani, akiiingiza namba ya Jared kwenye kibonyezo cha kwanza, juu ya cha kanisa na juu ya changu mimi niliyekuwa nikimpikia. Mama akaomba ushanga mwekundu, akaugandisha hapo kwa gundi ili kidole chake kiujue.

Baba hakuishi sana baada ya hapo. Jared alikuja kumzika, akarudi kwenye kazi yake ya mbao, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika ile namba mahali. Kila ulipouliza, jibu lilikuwa moja: ipo kwenye simu.

Namba yenyewe ni ya duka la jirani yake, mama mmoja aitwaye Nekesa. Simu ya dukani wameifunga kwa kufuli, inapokea tu, haipigi. Na kwenye kitabu cha simu imeandikwa kwa jina la mwenye jengo, ambaye hatumjui. Barua tuliyomwandikia Jared baada ya Pasaka ilirudi, maana mwajiri wa zamani hayupo tena kwenye sanduku lile. Na yeye Jared na kalamu unawajua. Akiandika kadi ya Krismasi anaona ameandika kitabu.

Zikaja zile mvua za El Niño, dari ikavuja juu ya meza ya simu. Toka hapo ukimpigia mtu unamsikia vizuri, ila yeye hakusikii hata upige yowe. Vibonyezo vya namba navyo vikafa vyote, vikabaki vile vya pembeni peke yake. Ndipo nilipokuandikia kukulilia, nawe hukukawia.

Mama hakuacha kuitumia, lakini. Kila Jumapili akitoka kanisani alibonyeza ushanga wake, akakaa na mkono wa simu sikioni, haongei, haongeleki. Nilimwambia Mama, asiyekusikia unampigia ya nini? Akaniambia nikaangalie wali wangu usiungue.

Simu yako ilikuja na kijitabu cha maelezo cha Kiarabu kitupu. Nikakipeleka Mji wa Kale, Kibokoni, kwa Bi Mwanabaraka, yule shoga yake Mama waliyefanya naye kazi bandarini. Alikishika mbali, akakishika karibu, kisha akacheka. "Ndoo uketi, mwanangu. Hiki si Kiarabu cha chuoni, hiki ni cha mafundi." Lakini alikisoma chote, akanionyesha na picha ya swichi ndogo iliyo tumboni mwa simu. Akaniambia niisogeze la sivyo simu haitaelewana na laini zetu za zamani. Mimi nikasema ndiyo, ndiyo, na njiani nikanunua mabuyu nikaisahau swichi.

Basi juzi Jumapili Ronny akajitolea kuiunganisha upesi kabla mpira haujaanza. Soketi ni moja tu, kwa hiyo ya zamani itoke, mpya iingie. Alikwisha kuushika waya Mama alipopiga ukelele kutoka chumbani.

"Ronny! Ondoa mkono hapo!"

Ile simu, waya ukitoka, namba zinashikwa na vibetri vilivyo chini yake. Vibetri vyenyewe Mama alikuwa amevitoa zamani kwa ajili ya redio yake, na wakati ule vilikuwa vimekwisha nguvu, vimeanikwa dirishani vipate jua, na vipya visingesaidia, kijumba chake kimeliwa na kutu tangu zile mvua. Ronny angevuta tu, Jared angetoka na waya. Tulikuwa tumekaa na simu mbili, moja inayomjua Jared lakini haiwezi kusema, nyingine inayoweza kusema lakini haimjui.

Nilifikiri Mama atalia. Yeye akaomba kiti. Ukimwona siku hizi amekaa na kanga yake mabegani unasahau kwamba ndiye aliyekuwa opereta wa swichibodi ya bandari, na meli nzima zilisubiri aziunganishe. Akaniambia, "Chukua kalamu, mwanangu. Simu hii haiimbi, inagonga. Tano ni kugonga mara tano, tisa ni tisa. Nilikuwa nazisikia hizi kabla hujazaliwa."

Akabonyeza ushanga. Mimi nilisikia tk-tk-tk kama mvua juu ya bati, sikupata kitu. Yeye alikuwa akizigonga mezani kwa pete yake, akizifuata, na mwisho akakata simu kabla haijalia kule, asiwasumbue wenye duka. Zile za mwanzo za Kitale tulizijua. Zilizobaki akanitajia, kisha akasema hapana, moja ya katikati ilipita mbio, ni saba au ni nane. Tukarudia. Ronny alizima televisheni mwenyewe bila kuambiwa na timu zilikuwa zinaingia uwanjani. Liandike hilo kwenye wema wake, maana mimi nimekwisha kuliandika.

Tukarudia tena na tena. Kila mara anafumba macho, ingawa hayana tena kazi ya kufumbwa. Mwishowe akasema, "Ni nane. Andika nane, uiache hapo."

Kuhakikisha hatukuweza, kwa kuwa ile ya zamani haikuwa na namba za kupigia. Tulikuwa na karatasi yangu na masikio ya Mama, basi. Nikamwomba Ronny avute. Mama akakataa. Akataka ashikishwe waya yeye mwenyewe, akasema ikiwa Jared atapotea tena, asilaumiwe mtoto wa mtu. Akaushika kitambo, midomo inacheza, nadhani alikuwa akisali. Kisha akauvuta.

Nikaichomeka simu yako, nikapiga zile namba, ikaimba wimbo mzuri na haikuenda popote. Mlio ule ule tu, mmmm, kama hatukugusa kitu. Nikapiga tena, mmmm. Ronny akawa anaitazama simu kuukuu pale sakafuni kama anayeitazama maiti. Mama ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, Bi Mwanabaraka alisema nini kuhusu laini zetu. Swichi! Nikaigeuza simu, nikaisogeza kwa ukucha, nikapiga upya. Tk-tk-tk. Kenneth, sijapata kusikia ngoma tamu kuliko ile.

Ikalia huko. Nikabonyeza kile kipaza sauti chake sote tusikie, nikampa Mama mkono wa simu.

"Haloo, dukani hapa."

Mama hakusema. Nikamgusa bega, hakusema. Nikadhani na hii mpya nayo imeharibika, au moyo wake umemshinda. Ndipo tukamsikia yule mwanamke akigeuka na kuita nje, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyezoea: "Jared! Njoo, ni mama yako. Amenyamaza kama kawaida."

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa anatabasamu.

Viatu vikaja, na Jared akaanza. Hakusema haloo, hakuuliza nani. "Mama, ni mimi. Mimi mzima. Wiki hii tulipasua mbao za shule, na kidole kile kimepona. Mama Nekesa anakusalimu. Huku ni baridi lakini ile sweta ya Baba bado ninayo." Anaongea moja kwa moja bila kituo, kama mtu asiyetarajia kujibiwa. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya tangu zile mvua, Jumapili baada ya Jumapili. Ule ukimya wa kwanza tu aliujua ni wa nani, akamwambia mama wa duka asikate kamwe. Na Mama alikuwa akizisikia habari zake zote na kuziweka kifuani, mimi namhubiria kuhusu simu mbovu. Namba Jared asingeitaja, angejuaje kwamba tunaihitaji, na simu inampata kila wiki?

Mama akasema, "Jared."

Jared akanyamaza. Ikawa zamu yake. Tulisikia mizani ya dukani, mtu anaomba kibiriti, kisha tukasikia kijana mzima akivuta kamasi kama mtoto. Mama akamwambia alichokuwa amekiweka miezi yote hiyo, kwamba Baba alimweka wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya kanisa. Jared hakuwa anajua. Mimi na Ronny tulitoka tukakaa kwenye ngazi, na Ronny akawa anapangusa macho akisema ni vumbi.

Anakuja Desemba. Amesema mwenyewe, na safari hii Mama amemjibu.

Ndiyo maana nasema asante haitoshi, ndugu yangu. Ulijinyima huko ugenini ukamnunulia shangazi yako mdomo. Nimefurahi mpaka nimemsamehe hata yule aliyeandika kijitabu. Namba ya Jared sasa imo ndani ya simu, imo kwenye jalada la Biblia, na Ronny ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango, tarakimu kubwa kama tangazo la mnada. Simu ya Baba Mama hataki itupwe. Ameifuta, ameiweka kabatini juu ya nguo zake.

Ushanga mwekundu tuliubandua kwa kisu, uko kwenye kibonyezo cha kwanza cha simu yako. Cha pili Mama amekupa wewe. Nilitaka kuweka kifungo cha shati, akakataa, akaosha kokwa ya tende ulizotuma, akaigandisha mwenyewe. Kanisa limeshuka likawa la tatu, na mchungaji tusimwambie.

Bi Mwanabaraka anakusalimu sana, anasema ukirudi umletee miwani. Ronny anakusalimu, na Jared kutoka Kitale ametuma zake. Mpe Musyoka shukrani zetu akirejea. Mungu akulinde huko uliko, akubariki kazi ya mikono yako, na akurudishe kwetu salama.

Jambo moja la mwisho. Jumapili, baada ya kanisa la huku, simu ya bwenini kwenu ikilia na mtu asiseme kitu, waambie wenzako wasikate. Simu ni nzima. Ni shangazi yako, amezoea kusikiliza kwanza.

Ni mimi dada yako nikupendaye na nisiyekusahau,

Joy