Alama ya mugozi kichwani

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Jambo sana huko Kiwanja! Hapa Goma vumbi jeusi linaingia hadi kwenye chai. Jana mutoto wangu Neema alinipeleka kwa mama mumoja wa masaji, mutaa wa Katoyi, eti nipumuzike. Nitapumuzika vipi? Kila pikipiki ikipita, mabega yangu yanapanda.

"Mama, legeza," yule mama wa masaji akaniambia.

"Nimelegeza!" Kumbe nimekunja ngumi.

Alianza na masaji ya Kichina, vidole gumba vinabonyeza shingo, halafu ile ya Kizungu, na mafuta, pole pole. Mara vidole vikasimama juu ya paji la uso.

"Mama, hapa paliingia ndani. Ulianguka?"

"Hapana. Ni mugozi, ule mukanda wa kubebea kuni kwa kichwa, tangu utoto."

Akavua kitambaa chake, akashika mukono wangu, akauweka kichwani kwake. Naye ana bonde lile lile.

Hapo nikatulia, dakika moja tu. Kisha nikakukumbuka wewe, ambaye mpaka leo unabeba, na mabega yakapanda tena.

Nimenunua chupa ya yale mafuta. Nikifika, shusha kuni kwanza, unipe kichwa chako.

Mudogo wako,
Espérance