Lenzi Iliyodhaniwa Imezama

JESHI LA POLISI, KITUO CHA MONG KOK, KOWLOON
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yiu Lai-kuen
Umri: miaka 61
Kazi: mfanyabiashara, duka la kamera na lenzi
Makazi: Sham Shui Po, Kowloon
Yamechukuliwa na: Sajini Ko Man-hei
Tarehe na saa: 15 Novemba 2023, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni mjane. Nina duka dogo la lenzi kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka la Wing Fung, mwisho wa ujia, na nimelikalia tangu mume wangu akiwa hai. Nauza bidhaa za maji, na silifichi hilo hata mbele ya polisi, maana si kosa. Lenzi ya maji imetoka kiwanda kilekile na kioo ni kilekile, ila imeingia mjini kwa njia ya pembeni, haikupitia kwa wakala wa hapa. Ndiyo maana bei yake iko chini, na ndiyo maana ikiharibika wakala hataki hata kuigusa. Dhamana yake ni neno langu. Wateja wanaambiwa hivyo kabla hawajalipa, na asiyetaka namwonyesha ngazi zilipo.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Mak Pak-him. Mnamo tarehe 17 Aprili 2021, siku aliyotimiza miaka ishirini na mitano, nilimnunulia lenzi ndefu ya kupigia picha ndege. Mtoto huyo alikuwa na ugonjwa wa kupenda ndege. Angeweza kukaa kwenye matope kutwa nzima kwa ajili ya korongo mmoja. Lenzi kama hiyo nilikuwa nayo dukani, ya maji. Sikuichukua. Nilivuka barabara nikaenda kwa wakala, kwa watu tusiosalimiana nao, nikapanga foleni kama mteja mwingine yeyote. Nikaisajili mwenyewe kwa jina la Pak-him ili apate dhamana ya miaka mitatu.

Jirani yangu wa duka, Lo Kam-wing, alinicheka mpaka akakohoa. "Dada Kuen! Muuza supu umekwenda kununua supu kwa jirani?"

Nilimwambia, "Kaka Wing, wateja wangu wakiharibikiwa watanikuta hapa. Mimi sitaishi milele. Nataka huyu awe na pa kuipeleka nikishakufa."

Mnamo tarehe 12 Juni mwaka huohuo, alfajiri, Pak-him aliondoka nyumbani kwenda kupiga picha kwenye miamba ya Sai Kung. Nilikuwa bado kitandani. Alisema, "Mama, usiamke, mlango nafunga mwenyewe." Hakurudi. Begi lake, kamera na viatu vilikutwa juu ya mwamba. Lenzi haikuwepo. Wazamiaji walitafuta mpaka bahari ilipochafuka ikawatoa. Afisa aliyekuwa na faili wakati ule aliniambia kwa upole kwamba huenda alikuwa ameivaa shingoni kwa mkanda wake, na kwamba imezama naye. Mwaka ule wote nilizunguka kwenye maduka ya rehani na ya mitumba nikitaja namba iliyochongwa kwenye lenzi hiyo, kama ingetokea mtu kuiuza. Hakutokea mtu. Basi nikaamini imezama.

Kaburi hakuna, kwa hiyo kila sikukuu ya kusafisha makaburi nilikwenda ufukweni kumchomea vitu vya karatasi, maana kwetu kinachochomwa humfikia marehemu. Fundi wa vitu vya karatasi hapo Sham Shui Po alinitengenezea kamera nzuri sana, ila lenzi aliiweka fupi. Nilimgombeza mbele ya watu. Nilimwambia, "Kwa kitu hiki atampiga picha nani, kuku?" Akairudia. Nikaichoma. Picha ya Pak-him iliwekwa kando ya baba yake, na nilikuwa nawawashia ubani wote wawili.

Jana, tarehe 14 Novemba 2023, saa tisa na nusu alasiri hivi, aliingia dukani binti mmoja nisiyemjua. Baadaye nilimfahamu kuwa anaitwa Tam Wai-ching, mwanafunzi. Alikuwa amebeba mfuko wa nguo.

"Shangazi, naomba unikagulie lenzi," alisema. "Nimeinunua mkononi mwa mtu. Muuzaji anasema si ya maji, ni ya wakala, na waranti bado ipo mpaka Aprili."

"Wote husema hivyo. Kadi ya waranti iko wapi?"

"Hana. Amesema namba inatosha."

"Basi hata mimi ni bikira. Lete tuone."

Kukagua sitozi mtu. Niliitoa lenzi kwenye mfuko, nikaiona imevalishwa soksi nyeusi ya kiume, mpya. Mkono ulisita kidogo. Mume wangu alikuwa akizivalisha lenzi soksi, na jengo zima lilikuwa linatutania kwa hilo. Nikajiambia kwamba soksi ni soksi. Nilimulika kioo kwa tochi. Hakikuwa na fangasi wala mkwaruzo, kimetunzwa na mtu anayejua. Nikafungua ukurasa wa wakala kwenye kompyuta, nikaanza kuingiza namba.

Nilipofika katikati ya namba niliacha kutazama lenzi. Vidole vilikuwa vinaijua iliyobaki. Ukurasa ukaandika: bidhaa ya wakala, imesajiliwa tarehe 17 Aprili 2021, dhamana bado ipo.

Nilimshika binti mkono. Naomba liandikwe kwamba nilimshika kwa nguvu, na nimeshamwomba radhi. Nilimwambia, "Aliyekuuzia hii yuko wapi? Huyo ameua mtu. Ameniulia mwanangu akamvua shingoni!" Akaanza kulia. Kaka Wing alikuja mbio, akashusha geti la duka nusu, akatutenganisha.

"Dada Kuen, muache mtoto aongee! Utamvunja!"

Binti alisema amekutana na muuzaji juzi jioni kwenye kituo cha treni cha Sheung Shui. Walipatana kwenye simu, wakapeana lenzi na pesa mkono kwa mkono juu ya geti la tiketi, yeye akiwa nje na yule akiwa ndani, kama watu wanavyofanya ili wasilipe nauli mara mbili. Alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakuwa na haraka. Alimfundisha jinsi ya kuibeba lenzi ile bila kuiumiza shingo yake.

Nilimuuliza, "Na nani alikwambia uje hapa? Mong Kok nzima ni maduka ya lenzi."

"Ni yeye," alisema. "Nilimwambia naogopa, kwamba ikija kuwa ya maji nimekwisha. Akasema, 'Kama huniamini nenda Wing Fung, ghorofa ya kwanza, duka la mwisho. Mama wa pale ana mdomo mchafu, lakini hajawahi kumdanganya mtu.'"

Kaka Wing alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Niliketi kwenye boksi. Nikamwambia binti ampigie huyo mtu aweke spika, na asimwambie kwamba mimi nipo.

Simu iliita kidogo tu.

"Haloo, kaka, ni mimi niliyenunua lenzi."

"Enhe. Umeipeleka?"

"Nimeipeleka."

"Ameikagua yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mwenyewe."

"Namba ameiangalia?"

"Ameiangalia."

Nyuma yake nilisikia mtu anagonga chuma. Kisha akauliza, "Amesemaje?"

Binti alinigeukia, macho yamejaa maji. Nilitaka kuita jina la mwanangu. Nimegombana na wasimamizi wa jengo, na watu wa forodha, na wateja wenye mabavu, na siku zote neno nimelipata. Jana sikulipata. Nilimwitikia binti kwa kichwa tu.

"Amesema ni ya kweli," binti akamwambia.

"Basi. Sawa. Asante, eh." Akakata.

Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa. Tulipiga mpaka jengo linafungwa.

Sajini ameniuliza kama nina uhakika kuwa sauti ile ni ya mwanangu. Ninao. Nilimfundisha kuongea mimi.

Kaka Wing alinikumbatia dukani, akasema, "Furahi, dada, yu hai! Umefufuliwa mtoto!" Na ni kweli, nilifurahi, naomba hilo liandikwe la kwanza. Nilifurahi nikapiga kelele. Halafu nikiwa njiani kurudi nyumbani furaha ikaanza kuniuma. Kutoka Sheung Shui hadi dukani kwangu ni safari fupi ya treni, mtu husinzia tu akafika. Miaka miwili na zaidi nimemlilia. Aliyekufa hawezi kukupigia simu, na sikuwahi kumlaumu kwa hilo. Aliye hai anaweza.

Tena alijua mimi nitaiangalia namba. Kila lenzi inayoingia kwangu naiangalia namba, tangu yeye akiwa anafanyia hesabu za shule chini ya kaunta. Alitaka nijue kuwa hajafa. Lakini kuja hakutaka. Aliituma lenzi niliyompa mimi, kwa mtu baki, na akaiuza kwanza.

Nyumbani sikujua niifanye nini picha yake. Kwetu mtu aliye hai hachomewi vitu wala ubani. Ni kama kumwita aende kwa wafu. Na mimi nimemchomea nguo, nyumba, pesa, kamera, kila mwaka, kwa mikono yangu. Niliishusha picha. Ukuta ukabaki na baba yake peke yake, nikaona vibaya, nikairudisha. Halafu nikaogopa, nikaishusha tena. Sasa iko kwenye droo na sijui kama droo nayo ni vibaya.

Sajini ameniuliza kama kulikuwa na ugomvi nyumbani, au deni, au mwanamke, au kama alikuwa na huzuni. Sijui. Tulikuwa tunaishi watu wawili kwenye vyumba viwili, na nilidhani ninamjua. Nimepekua siku za mwisho kichwani mpaka nimechoka, na ninachokikuta ni mtoto anayesema usiamke, mlango nafunga mwenyewe. Ningejua nimemkosea nini, ningelisema hapa, hata kama ni la aibu. Ningefurahi kuwa nalo.

Wai-ching alitaka kunirudishia lenzi. Nilikataa. Ameinunua kwa haki na ameuziwa na mwenyewe. Nilimwambia ikisumbua kabla ya Aprili aipeleke kwa wakala, asiilete kwangu. Nisingeweza kuishika tena.

Nilipoamka leo nilikuwa nakuja kuwaambia mumkamate mumlete nyumbani. Nimekaa kwenye benchi hapo nje, na moyo umegeuka. Msimkamate. Hajaniibia kitu, lenzi ilikuwa yake. Kama kuna kosa la kuwatafutisha wazamiaji bure, nitozwe mimi, nina duka. Naomba mmtafute mjue yuko wapi, kisha mniambie. Sitakwenda kumpigia kelele mlangoni. Nitapanda treni hadi karibu tu, nijue yuko upande gani.

Sina zaidi ya hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, na ndivyo yalivyo.

(Saini) Yiu Lai-kuen

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Ko Man-hei, na nimemsomea shahidi. Alipumzika mara mbili. Tam Wai-ching amehojiwa peke yake na amethibitisha sehemu inayomhusu. Nimemweleza shahidi kwamba Mak Pak-him ni mtu mzima, na akipatikana salama anwani yake haitatolewa kwa yeyote bila ridhaa yake. Shahidi aliuliza kama sheria hiyo inamhusu hata mama. Nilimjibu kuwa inamhusu. Alisaini saa 6:05 mchana.

NYONGEZA, 28 Novemba 2023

Mhusika amepatikana. Ni mzima, na anafanya kazi kwenye karakana. Nimethibitisha kitambulisho chake na nimezungumza naye ana kwa ana. Hakuridhia anwani wala namba yake ya simu itolewe, na hakutaka kueleza sababu. Alipoulizwa kama ana ujumbe kwa mama yake, alisema hana. Faili la kupotea limefungwa.

Nimemjulisha shahidi kwa simu saa 11 jioni. Alinishukuru kwa kazi. Hakuuliza mahali wala sababu. Aliuliza kama mwanawe anakula. Hilo sikuwa nimemuuliza mhusika. Nilimjibu shahidi kuwa anakula vizuri.

(Saini) Sajini Ko Man-hei