Maua ya Makaburini

Jumapili

Mke wangu amekufa. Tumeshazika.

Leo watu wa kanisa walitupeleka kijijini, mimi na Neema, binti yangu, nje ya Birmingham, tuone msitu na kanisa la mawe la zamani. Ati nipumue. Makaburi yamelizunguka kanisa zima mpaka mlangoni, na Wazungu wamekaa juu yake wanakula mikate.

Neema akachuma maua palepale.

"Tupa! Kitu cha makaburini hakiingii nyumbani."

"Papa, it's just maua. Maua tu."

Nilidhani ametupa. Jioni nimeyakuta kwenye glasi, mbele ya picha ya mama yake. Nimeyatoa nje, nikanawa mikono. Mtoto akalia mpaka akalala.

Sasa anakohoa. Mama yake alianza hivyohivyo.

Kesho narudi kazini, zamu ya usiku, na sijui nitamwachia nani.