Boya la Boila

Balbina, kitendawili! Hana macho, lakini maji yakipungua anajua. Ni boya linaloelea ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, mwenzangu. Likishuka linafungulia maji lenyewe.

Sasa sikia.

Leo tulimwombea misa mdogo wake babu, yule aliyeuawa na boila kwenye kiwanda cha pamba cha Mjerumani, wakati wa Maji Maji. Tukitoka kanisani, shangazi Justa akaropoka: "Mtu alilifunga boya kwa waya lisishuke."

Kwa waya, Balbina! Maji yakaisha, boila likapasuka! Nasi miaka yote tunamlaani Mjerumani!

Nikamuuliza, "Nani alilifunga, shangazi?" Akageuka aondoke.

"Shangazi, nani?"

Akajifuta machozi kwa khanga. "Baba yangu. Babu yako huyo. Alidhani zamu ya boila siku ile ni ya Mjerumani."